Pete za Mwanzi wa Kuvulia: Jinsi ya Kuzichagua na Kuzipanga

Somo la redio kwa madarasa ya watu wazima
Darasa la Nyamisati, Wilaya ya Kibiti

Vitu vya kuwa navyo darasani: daftari, kalamu, utepe wa kupimia wa fundi cherehani, pamba kidogo, na kipande cha mshipi uliokatika.

Maneno ya somo la leo

Chelezo: kitu chepesi kinachoelea na kushikilia mshipi ili ndoana isizame hadi chini.
Chubwi: risasi au kizito kinachozamisha ndoana.
Rili: kigurudumu cha kukunjia mshipi, kinachofungwa kwenye shina la mwanzi.
Pete: kitundu cha chuma kilichofungwa juu ya mwanzi, ambamo mshipi hupita kutoka kwenye rili hadi nchani.
Kauri: udongo uliochomwa kwa moto mkali ukawa mgumu na laini, kama ule wa vikombe vya chai.



Leo tutazungumza juu ya kitu kidogo sana. Ni kidogo hata ukikiangusha mtumbwini waweza kukitafuta asubuhi nzima usikione. Kitu hicho ni pete ya mwanzi wa kuvulia. Najua kwamba wengi wenu huvua kwa nyavu, na wengine kwa mshipi wa mkono bila mwanzi wowote. Lakini wako wanaopenda kukaa ukingoni, au ndani ya mtumbwi penye kivuli cha mikoko, wakatupa chelezo na kukiacha kiende na maji. Watu hao wananunua rili dukani, wanakata mwanzi wao wenyewe, kisha wanauliza: Pete nitie zipi? Nitie ngapi? Nizifunge wapi?

Somo hili ni jibu la maswali hayo. Na wewe unayevua kwa mshipi wa mkono, usiondoke. Mwishoni utaona kwamba habari hii ni yako pia.

1. Mshipi umekatika wapi?

Hebu tuwaze kijana mmoja anakwenda kwa mjomba wake jioni, mwanzi begani.

“Shikamoo, mjomba.”

“Marahaba, mwanangu. Za majini?”

“Si nzuri, mjomba. Kolekole mkubwa ameondoka na ndoana, na chelezo, na mshipi. Hii ni mara ya tatu mwezi huu. Mshipi wa siku hizi ni mbovu. Kesho nakwenda kununua mwingine.”

“Ngoja kwanza. Nipe huo uliobaki nilitazame tundu lake la mauti.”

Mzee huyu ana akili. Kabla ya kutoa fedha, anatazama ncha ya mshipi uliokatika. Ninyi mmejifunza kusoma herufi. Basi ncha ya mshipi nayo ni kama barua, na anayejua kuisoma ataambiwa habari ya kweli.

Ikiwa ncha imejikunja kama mkia wa nguruwe, fundo liliteleza. Kosa ni la fundo.

Ikiwa imekatika sawasawa, kama kwa kisu, huenda ni meno ya samaki, au ni makali ya chaza walioganda kwenye mizizi ya mikoko.

Lakini ikiwa mshipi una mikwaruzo, umepoteza mng'ao wake, na ukiupitisha kati ya vidole unahisi umeparara kwa urefu wa mkono mzima au zaidi, basi ulikuwa ukisuguliwa. Ulisuguliwa kidogo leo, kidogo kesho, mpaka siku alipokuja samaki mkubwa ukashindwa. Hapo usimlaumu mwenye duka. Wala usiseme ni kijicho cha jirani. Tazama pete.

Sasa, kikundi, chukueni kile kipande cha mshipi mlichokuja nacho. Mpeane kutoka mkono hadi mkono. Kila mmoja aseme anaona nini. Mwalimu atawapa dakika tatu.

2. Kazi ya pete

Zamani mianzi ya kuvulia haikuwa na pete. Mshipi ulifungwa nchani tu, nao haukuweza kuwa mrefu sana kupita mwanzi wenyewe. Hata leo watoto huvua perege kwa namna hiyo. Mishipi yenyewe ilikuwa ya pamba, ya katani au ya nyuzi nyingine za mimea, nayo ilioza isipoanikwa. Mwaka 1938 kampuni ya Du Pont ya Marekani ilitangaza uzi mpya uitwao nailoni, na baada ya hapo mshipi wa nailoni ukaenea duniani pote. Nailoni haiozi upesi, ni nyembamba, tena ina nguvu. Lakini ina adui mmoja mkubwa: kusuguliwa.

Pete zina kazi tatu.

Kazi ya kwanza ni kuuongoza mshipi utoke bila kushikwa. Katika uvuvi wa chelezo jambo hili ni kubwa. Maji yanapoanza kupwa, chelezo huchukuliwa na mkondo, nawe unaachia mshipi pole pole ili chambo kiende kama chakula cha kawaida kiendavyo na maji. Mshipi ukikwama, chelezo husita, chambo huinuka, na samaki mjanja kama mkizi hukiacha.

Kazi ya pili ni kugawanya uzito. Samaki anapovuta, mwanzi hupinda. Pete zikiwa za kutosha, kila moja hubeba sehemu yake, na mwanzi wote hufanya kazi. Pete zikiwa chache, mshipi hukata kona kali mahali pamoja, na hapo ndipo mshipi au mwanzi utakapovunjika.

Kazi ya tatu ni kuutenga mshipi na mwanzi. Mmeona kanga iliyolowa inavyogandama mwilini. Mshipi mwembamba uliolowa hugandama kwenye mwanzi vivyo hivyo, hasa kukiwa na upepo au mvua. Kwa hiyo, kwa mwanzi wa chelezo, chagua pete zenye miguu mirefu kidogo, zinazosimama mbali na mwanzi. Pete fupi zilizolala juu ya mwanzi zafaa kazi nyingine, si hii.

3. Pete ya kitu gani?

Maji ya Nyamisati si ya mto mtupu wala si ya bahari tupu. Rufiji huleta maji baridi na tope kutoka bara; bahari nayo huingia kwa kujaa na kutoka kwa kupwa. Kwa hiyo pete yako itakutana na chumvi, na tena itakutana na mchanga mwembamba uliomo ndani ya tope. Chumvi huleta kutu. Mchanga ni kama msasa. Mshipi uliobeba mchanga huweza kuchimba mfereji ndani ya chuma laini.

Tutazame vitu vinne.

Waya wa shaba nyekundu. Ni rahisi kuukunja, na haushiki kutu nyekundu kama ya chuma. Lakini ni laini mno. Baada ya muda mshipi utachimba mfereji ndani yake, na kingo za mfereji zitaukata mshipi. Usitumie, ila kwa kujifunzia.

Pini za nguo na waya wa chuma wa kawaida. Pini ina kitundu tayari, nayo huvutia macho. Lakini imepakwa rangi ya fedha juu tu. Rangi ikitoka, kutu huingia, na kutu ni meno. Mtu akikosa kabisa aweza kutumia pini, ila aitazame kila juma na kuitupa mara ionyeshapo doa.

Waya wa chuma kisichoshika kutu. Huu ni mzuri kwa mtu anayejitengenezea mwenyewe. Ni mgumu, hudumu, nao ni mwepesi. Mtu akikuuzia waya na kukuambia kwamba haushiki kutu, usibishane naye. Chukua kipande, kitie katika kikombe cha maji ya chumvi, kiache siku tatu, ukitoe na kukirudisha mara kwa mara ili kipate hewa. Kikitoa madoa mekundu, umepata jibu lako bila ugomvi.

Pete za dukani zenye kauri ndani. Fremu yake ni ya chuma, na ndani mna duara la kauri. Kauri ni ngumu kuliko chuma, mshipi hauichimbi, nayo ni laini sana. Hizi ndizo bora kwa mshipi. Lakini zina udhaifu wa kikombe cha chai: zikigonga ubao wa mtumbwi zaweza kupasuka. Ufa wa kauri, hata usioonekana kwa macho, hukata mshipi kama wembe. Tena tazama fremu: kama ni ya chuma cha hivi hivi, kauri itabaki nzima huku miguu ikiliwa na kutu.

Sasa tufanye jaribio la pamba. Chukua pamba kidogo, isokote iwe nyembamba kama utambi, uipitishe ndani ya pete na kuizungusha pande zote. Pete ikiwa nzima, pamba itateleza. Ikiwa ina ufa, mfereji au kutu, nyuzi za pamba zitanasa hapo. Jaribio hili halina gharama. Lifanye dukani kabla ya kulipa, na ulifanye nyumbani kila mwezi.

4. Ukubwa na uzito

Mshipi ukitoka kwenye rili hutoka kwa kuzunguka, kwa mizunguko mipana. Kwa hiyo pete iliyo karibu na rili iwe kubwa kuliko zote, ili ikusanye mizunguko hiyo. Inayofuata iwe ndogo kidogo, na inayofuata ndogo zaidi, mpaka nchani.

Lakini zisiwe ndogo mno. Penye maji yenye kina kuliko urefu wa mwanzi, wavuvi hutumia chelezo kinachoteleza juu ya mshipi, na fundo dogo la uzi hukizuia mahali panapotakiwa. Fundo hilo lazima lipite katika pete zote, hata ile ya ncha. Funga fundo kwanza, kisha ulipitishe kwenye pete ya ncha. Likikwama, pete haifai.

Na uzito je? Shika mchi wa kutwangia katikati, uuinue. Kisha ushike kwenye ncha moja, uuinue tena kwa mkono mmoja. Uzito ni ule ule, lakini mkono unalia. Mwanzi ni hivyo hivyo. Kitu kizito karibu na mkono hukisikii sana. Kitu kile kile nchani huuchosha mkono na kuufanya mwanzi uwe mzito kuitikia. Samaki akidona, nawe ukachelewa kidogo, ameshatema. Kwa hiyo pete zilizo karibu na ncha ziwe nyepesi kabisa. Pete ya mguu mmoja ni nyepesi kuliko ya miguu miwili, tena huuachia mwanzi upinde vizuri. Pete za miguu miwili, zenye nguvu zaidi, ziwekwe upande wa shina.

5. Pete ngapi, na kwa umbali gani?

Hapa tutahitaji daftari. Tuseme mwanzi wako una urefu wa mita 3 na sentimita 60. Rili imefungwa sentimita 60 kutoka mwisho wa shina. Tunataka pete ya kwanza baada ya rili iwe sentimita 90 mbele yake.

60 + 90 = 150

Urefu wa mwanzi ni sentimita 360. Toa 150.

360 - 150 = 210

Basi tuna sentimita 210 za kupanga pete, kutoka ile pete kubwa hadi ncha. Mwanzi hupinda zaidi nchani kuliko shinani. Kwa hiyo pete zikaribiane nchani, na zipishane zaidi kadiri tunavyorudi nyuma. Tuanze na nafasi ya sentimita 12, na kila nafasi tuizidishe kwa sentimita 2:

12, 14, 16, 18, 20, 22, 24, 26, 28, 30

Jumlisheni. Mmepata ngapi? Jibu ni 210 barabara. Nafasi ni kumi. Kwa hiyo tunahitaji pete kumi, na pete moja ya ncha: jumla pete 11.

Sasa tutie alama kwenye mwanzi kwa kalamu, tukipima kutoka nchani:

Pete ya 1: sentimita 12
Pete ya 2: sentimita 26
Pete ya 3: sentimita 42
Pete ya 4: sentimita 60
Pete ya 5: sentimita 80
Pete ya 6: sentimita 102
Pete ya 7: sentimita 126
Pete ya 8: sentimita 152
Pete ya 9: sentimita 180
Pete ya 10: sentimita 210

Hesabu hii si amri. Mwanzi una vifundo vyake, na pete haikai vizuri juu ya kifundo. Alama ikiangukia kwenye kifundo, isogeze sentimita moja au mbili. Tena kila mwanzi hupinda kwa namna yake. Hesabu hukufikisha karibu. Jaribio hukufikisha penyewe.

6. Kujaribu kabla ya kufunga

Usizifunge pete moja kwa moja. Kata vipande vyembamba vya mpira wa ndani wa baiskeli, uzishikize pete kwa muda. Hakikisha zote zimesimama katika mstari mmoja: funga jicho moja, tazama kutoka shinani kama unavyotazama unyoofu wa ubao.

Kisha pitisha mshipi, ufunge mwishoni chupa yenye nusu lita ya maji. Nusu lita ya maji ina uzito wa nusu kilo. Mwenzako ainue mwanzi pole pole mpaka upinde. Wewe simama pembeni utazame.

Je, mshipi unafuata mpindo wa mwanzi? Vizuri. Je, kuna mahali unapokata kona kali kwenye pete moja? Sogeza pete za jirani zikaribie hapo, au ongeza moja. Je, mshipi unagusa mwanzi mahali popote? Pete hapo ni fupi, au ziko mbali mno.

Ukiridhika, sugua miguu ya pete kwa tupa mpaka iwe myembamba mwishoni, ili uzi upande juu yake bila kuacha pengo. Zungusha uzi wenye nguvu, mzunguko mmoja ukiugusa mwenzake, kisha paka vanishi mara mbili au tatu, ukiacha ikauke kila mara. Vanishi huzuia maji yasiingie chini ya uzi. Maji yakiingia, pete italegea na mwanzi utaoza hapo.

7. Kusoma maandishi ya mshipi

Mpaka hapa tumesema juu ya pete. Lakini pete nzuri haiokoi mshipi usiolingana na kazi. Ndipo kusoma kunapokusaidia. Juu ya kibandiko cha mshipi utaona maandishi kama haya:

0.25 mm 4.5 kg 10 lb 100 m

Herufi mm ni milimita: unene wa mshipi, yaani robo ya milimita. Herufi kg ni kilo: uzito ambao mshipi mpya unaweza kuhimili. Herufi lb ni paundi, kipimo cha Waingereza. Paundi 10 ni kilo 4 na nusu hivi, kwa hiyo namba hizi mbili zinasema jambo moja. Herufi m ni mita: urefu.

Mtu asiyesoma huweza kudhani kwamba 10 ni kilo kumi. Atapigania samaki kwa nguvu isiyokuwapo. Na kumbukeni kwamba kilo hizo ni za mshipi mpya usio na fundo. Fundo hupunguza nguvu. Mkwaruzo hupunguza zaidi.

Sasa tufanye hesabu ya nyumbani. Tuseme mshipi ni shilingi 6,000, nawe unakatikiwa na kununua mara nne kwa mwaka kwa sababu ya pete moja yenye kutu.

6,000 x 4 = 24,000

Hizo ni shilingi ishirini na nne elfu, mbali na ndoana, vyelezo, na samaki ambao hawakufika jikoni. Pete moja ingegharimu kiasi gani? Fanyeni hesabu hiyo kwa bei ya duka mnalolijua.

8. Kwa wavuvi wa mshipi wa mkono

Niliahidi kwamba habari hii ni yenu pia. Ninyi hamna pete, lakini mna ukingo wa mtumbwi. Mshipi wenu hupita hapo kila mnapovuta. Pitisheni pamba juu ya ukingo huo. Penye msumari uliochomoza, penye ubao uliopasuka, pamba itanasa. Hapo ndipo mshipi wenu unapokufa. Piga msasa, au funika kwa kipande laini cha mpira.

Na jambo moja zaidi kwa wote. Mshipi uliokatika usiutupe majini wala kwenye mikoko. Nailoni hukaa miaka mingi, na ndege na kasa hunaswa nayo. Mikoko ya delta yetu ni msitu mkubwa wa mikoko kuliko yote ya Tanzania, na mwaka 2004 eneo la Rufiji, Mafia na Kilwa liliingizwa katika orodha ya dunia ya maeneo oevu yenye thamani kubwa, kwa Mkataba wa Ramsar. Samaki na kamba wachanga hukulia humo. Kunja mshipi mbovu, urudi nao nyumbani.

Muhtasari

Soma ncha ya mshipi kabla ya kununua mwingine. Chagua pete ngumu, laini, isiyoshika kutu. Kwa chelezo, ziwe na miguu mirefu; kubwa karibu na rili, ndogo na nyepesi nchani. Zikaribiane nchani, zipishane shinani. Jaribu kwa chupa ya maji kabla ya kufunga. Kagua kwa pamba kila mwezi.

Maswali ya kuzungumzia

1. Ncha ya mshipi iliyojikunja inatuambia nini? Iliyokwaruzika je?
2. Kwa nini shaba nyekundu haifai, ijapokuwa haishiki kutu kama ya chuma?
3. Pete ya kauri ina uzuri gani na udhaifu gani?
4. Kwa nini pete za nchani ziwe nyepesi?
5. Je, katika kazi nyingine za hapa kwetu, kama kushona, kulima au kuendesha mashua, ni kitu gani kidogo kinachoweza kuharibu kikubwa? Kila mmoja atoe mfano.

Kazi ya kuandika

Mwanzi una urefu wa sentimita 300. Rili iko sentimita 50 kutoka mwisho wa shina, na pete kubwa iko sentimita 80 mbele ya rili. Zinabaki sentimita ngapi hadi nchani? Panga nafasi zako mwenyewe, ukianza na sentimita 10 nchani na kuongeza kidogo kidogo, mpaka jumla ifike. Andika orodha ya pete kama tulivyofanya, na uilete darasani.

Kwaherini, wasikilizaji. Tukutane katika somo lijalo.